Ufunguo wa Pili

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Banda la mbwa lililo kwenye kihamba cha Mzee Kolumba, Tarakea, lilikutwa wazi alfajiri. Mbwa wanne hawamo. Kufuli halikuvunjwa. Funguo ni mbili tu: mmoja anao Mama Evarist, mwenyekiti wa kikundi cha kuokoa mbwa, wa pili anao Gaudensia, mweka hazina. Kabla jua halijapanda, habari ikawa imefika stendi kwamba Mama Evarist alionekana usiku ule kwenye njia ya panya, anaburuta gunia.

SASA ENDELEA...

Kikao kiliitwa Jumapili saa nane, watu wametoka misa ya pili. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu banda likutwe wazi, na katika wiki hizo hakuna mbwa hata mmoja aliyechanjwa, hakuna aliyehasiwa, na pumba iliyonunuliwa kwa michango ilikuwa imevundia stoo. Kazi ya kikundi ilikuwa imebaki moja tu, kumjadili Mama Evarist.

Walikaa kwenye migomba ya Mzee Kolumba, wengine kwenye magogo, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa. Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa paa. Mawenzi hata usingejua ipo upande gani. Mama Evarist alikuwa kwenye kigoda, kanga ameijitanda hadi kidevuni, daftari la chanjo mapajani. Hakuna aliyeketi karibu naye. Watu hawa hawa zamani waligombea kukaa kando yake, awaonyeshe namna ya kumshika mbwa mwoga asikung'ate.

"Shikamoo mama," Gaudensia alimwamkia akipita.

"Marahaba mwanangu. Filbert hajambo? Mbona siku hizi simwoni? Mtoto yule alikuwa hapitishi siku bila kuja kuwaona mbwa."

"Hajambo mama. Anasema amechoshwa na maneno ya watu. Anashinda amejifungia kwenye jaketi langu la mitumba. Linamwasha shingo, anajikuna usiku kucha, lakini kulivua hataki."

Mama Evarist akafungua kinywa kama anayetaka kuuliza jambo, ila Aloyce alikuwa ameshasimama.

Aloyce ni dereva wa bodaboda, na akisema watu husikiliza. Ndiye aliyekuwa akienda mpaka Rongai na Kamwanga kuchukua mbwa waliogongwa au kutupwa, akiwapakia kwenye tenga nyuma ya pikipiki bila kudai hata pesa ya mafuta. "Ndugu zangu," alianza, "mimi simchukii mama. Huyu ni mama yangu. Lakini mbwa hawafungui kufuli. Ufunguo wa Gau ulikuwa kwao, ukutani, mwenyewe amesema. Unabaki ufunguo mmoja. Na mama ameonekana na gunia, usiku, njia ya panya, na ng'ambo kulikuwa na Noah nyeupe inasubiri."

Minong'ono ikapita kwenye migomba. Noah ile ilikuwa mpya. Wiki iliyopita haikuwapo kwenye hadithi.

Mtu asiyeijua Tarakea atashangaa neno kama hilo lilishikaje upesi hivyo. Huu ni mji wa mpakani. Ukivuka unaelekea Loitokitok, na mahindi, maharage na sukari hupita getini mchana na kwenye njia za panya usiku, kutegemea bei imepanda upande upi. Kila ukoo una mtu aliyewahi kubeba gunia gizani. Tena watu hawajasahau habari ya punda. Kuanzia 2016, machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya, Naivasha na Baringo, ngozi zikisafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao, punda walianza kupotea mazizini pande zote mbili za mpaka, na wizi huo ulisumbua wafugaji miaka mingi mpaka Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba mnyama ameibwa usiku akavushwa, hahitaji ushahidi. Ndiyo sababu uvumi mbaya ni mgumu kuukana: umetengenezwa kwa mambo ambayo kweli yalitokea, isipokuwa hayakutendwa na yule anayesingiziwa.

"Mama, una la kusema?" Mzee Kolumba aliuliza.

Mama Evarist alisimama taratibu. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya mifugo miaka mingi, na bado alizungumza kama mtu anayetoa taarifa ya ofisini.

"Kuhusu gunia sitasema kitu hapa, maana mmeshahukumu. Nitasema kuhusu Askari."

"Haya, anaanza," mtu akaguna.

"Askari aliletwa kutoka Rongai ana jeraha puani. Hakuwa amechanjwa. Nikamtenga. Siku ya sita akaanza kutafuna mbao. Sauti yake ikakwama, akawa anabweka kama aliyekabwa. Taya likalegea, mate yanachuruzika, maji anayatazama asiweze kunywa. Niliwaambia siku mbili kabla banda halijafunguliwa: asiguswe, na daktari wa mifugo aitwe kutoka Mkuu, ili akifa sampuli ya ubongo ipelekwe maabara ya mifugo Arusha. Mkaniambia nautamani mfuko wa kikundi. Banda likafunguliwa, Askari akatoka. Tangu siku hiyo nawauliza swali moja, na leo nauliza tena. Nani ameng'atwa?"

Hakuna aliyejibu. Kuku alikuwa anaparura majani makavu nyuma ya stoo.

"Mama, usitugeuzie kibao," Aloyce alisema, na sauti yake ikapanda kuliko ilivyohitajika. "Kila ukiulizwa mbwa wako wapi, unaleta habari ya kichaa. Kama kuna aliyeng'atwa si angeshasema?"

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Gaudensia aliutazama mkono wake kabla hajaunyoosha. Hakuwa na chuki yoyote. Alikuwa na hesabu tu: ule ufunguo wake, wenye uzi mwekundu, aliuona kwa macho yake asubuhi ile ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kama wake ulikuwepo, basi uliotumika ni wa mama. Akaunyoosha.

Mama Evarist aliihesabu mikono yote, asimruke mtu. Kisha akaliweka daftari juu ya kigoda. "Mbwa wote na tarehe zao wamo humu. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulishaahidi kuchanja siku hiyo. Anayeweza kuendelea na aendelee." Akaondoka akipita kwenye masale yaliyozunguka kihamba, na ukungu ukamficha kabla hajafika barabarani.

*

Usiku ule Gaudensia alilisoma daftari kwa tochi ya simu. Mwandiko ulikuwa wa wino wa buluu, mistari imepigwa kwa rula. Jina la mbwa, jina la mwenyewe, kitongoji, tarehe. Pembeni mama aliandika hesabu za kitongoji kimoja kimoja: mbwa wangapi wapo, wangapi wamechanjwa. Lengo alilizungushia duara kila ukurasa, 70 katika kila 100, kwa sababu mbwa wakichanjwa kwa kiwango hicho ugonjwa hukosa pa kupita. Vitongoji viwili tu vilikuwa vimefika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya usiku ule. "Saa nne. Popi amekufa nyumbani kwangu wakati wa kuzaa, na watoto wote watano. Nimewazika kule bondeni karibu na mpaka, ardhi ni laini. Gunia ni la Mzee Kolumba, nitamnunulia jingine."

Gaudensia akausoma mara ya pili. Kisha akazima tochi. Gunia lilikuwa la kweli. Aliyeliona alikuwa ameona sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mama kulikuwa na nini ndani.

Alfajiri Filbert alipita sebuleni, jaketi limefungwa zipu mpaka kidevuni. Alikuwa ameitwa kibarua cha kuchuma nyanya kule Kimana, mbele ya Loitokitok. "Umekunywa chai?" dada yake akamuuliza. "Koo linakereketa," Filbert akajibu, akatoka na wenzake. Gaudensia hakumzuia. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye swali moja: neno la gunia na Noah lilianzia kwa nani?

Akaanza na mama lishe wa stendi, kwa kuwa kwake ndiko aliposikia yeye. Mama lishe alikuwa na mbwa wanane na lori. Lori alilipata kwa kinyozi. Kinyozi hakuwa na lori, alikuwa na Noah na mbwa wanne, aliambiwa kilabuni, kwenye mbege. Muuza mbege, mwanamke mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wateja wake, alikana kabisa Noah. "Noah wameiongeza wenyewe wakiwa wamelewa. Mimi niliambiwa gunia, basi. Na aliyeniambia ni kijana wa kijiwe cha bodaboda." Kijana wa kijiwe alisema alisikia dukani kwa Mangi.

Kila alipopanda ngazi moja, hadithi ilipungua. Sijui kama kuna kazi inayochosha kuliko hiyo, kuuliza "nani alikuambia" mlango baada ya mlango huku kila mtu akikutazama kama wewe ndiye mchochezi. Watu kumi na wawili walikuwa wamelipokea neno lile na kulipitisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Kila mmoja aliwapenda mbwa, au alimpenda aliyewapenda.

Mangi alikuwa anapima sukari. "Ooh, habari ile? Alinipa Aloyce. Alikuja kunigongea dirisha saa kumi na moja, giza bado. Akaniambia, mbwa wa kikundi wameibwa, na jana usiku nilimwona mama na gunia."

"Saa kumi na moja, Mangi? Una hakika?"

"Nina hakika, kwa sababu nilikasirika kuamshwa. Alitaka spiriti, pamba na plasta. Nikamuuliza umeanguka na pikipiki? Akasema hapana, ni mtoto amejikata."

Gaudensia alishika kaunta. Mzee Kolumba aligundua banda liko wazi saa kumi na mbili na nusu, alipokwenda kuwapa mbwa pumba na dagaa. Ndiye aliyewapigia simu wote, Aloyce akiwa wa mwisho. Saa kumi na moja hakuna mtu Tarakea nzima aliyepaswa kujua kwamba mbwa hawamo.

*

Alifika kwa Mama Evarist mchana. Kabla ya kubisha alikata jani la isale kwenye uzio, akalishika kwa mikono miwili. Mchaga aliyekosewa, akiletewa isale na aliyemkosea, anajua ameombwa msamaha kwa namna isiyokataliwa kirahisi. Mama Evarist alilitazama jani, akamtazama aliyelishika, akalipokea.

"Umesoma ukurasa wa mwisho."

"Nimesoma, mama. Na nimefika dukani kwa Mangi."

Alimsimulia yote. Mama Evarist hakushangilia, wala hakusema "niliwaambia". Alivaa viatu. Walipokuwa wakishuka njiani aliongea kwa haraka, kama mwalimu anayeona kengele inakaribia.

"Sikiliza, Gau. Kirusi kikiingia kwenye jeraha hakikimbii. Kinapanda kwenye mishipa ya fahamu, pole pole, wiki kwa wiki, kuelekea ubongoni. Mtu anaonekana mzima, anakula, anacheza. Kikifika huko dalili zikaanza, hakuna tena dawa. Dunia nzima watu wapatao 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka, karibu wote kwa mbwa. Ila kabla ya hapo mtu anaokoka. Yule mtoto wa Ufaransa, Joseph Meister, alikuwa na miaka 9, ameng'atwa vibaya, Louis Pasteur akamdunga chanjo Julai 6, 1885, akaishi mpaka utu uzima. Kitu cha kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Halafu hospitali. Hata kama wiki zimepita, unakwenda. Hospitali ya Huruma kwanza, wasipokuwa na chanjo tunashuka Moshi, KCMC. Chanjo inalipiwa, na dozi si moja. Mfuko una kiasi gani?"

"Upo wote, mama. Hatujatumia hata senti."

"Basi leo utatumika."

Aloyce alikuwa uani, anafunga mnyororo wa pikipiki. Alipowaona wanaingia wote wawili, spana ikamdondoka. Gaudensia alikuwa ameandaa maneno makali njia nzima. Hakuyahitaji.

"Mtoto yuko wapi?" Mama Evarist aliuliza.

"Mama..."

"Sikuulizi habari ya gunia, baba. Nakuuliza mtoto yuko wapi."

Aloyce aliketi chini, pale pale kwenye mafuta. "Beda alirudi usiku ule damu inamtoka mkononi. Alikwenda kumtoa Jeki wetu, alisikia shuleni kwamba mbwa akihasiwa anakufa. Niliogopa, mama. Nilifikiri mtaa wote utasema mtoto wangu ndiye amewaachia mbwa, nitalipa, nitaondolewa kikundini. Nilikuwa nimekuona na gunia nikirudi na abiria, ndipo neno likanitoka. Halafu ukaanza kusema Askari ana kichaa." Alijifuta uso kwa kiganja chenye grisi. "Kila niliposimama nikasema unazusha, nilikuwa namwomba Mungu uwe unazusha kweli."

Beda alitokea mlangoni, mtoto wa miaka 10, kaptura ya shule na sweta lililotoboka kiwikoni. Mama Evarist alipiga goti mbele yake, akamkunja mkono wa sweta. Kovu lilikuwa limeziba, mistari minne ya waridi juu ya kifundo.

"Linawasha? Linachoma?"

"Hapana, bibi."

"Kichwa? Unakunywa maji vizuri?"

"Vizuri."

Mama Evarist alishusha pumzi. "Aloyce, washa pikipiki. Nitapanda naye mimi mwenyewe." Akamgeukia tena mtoto, sauti imelegea. "Sasa niambie, mjukuu wangu. Kufuli uliliwezaje? Ufunguo ulipata wapi?"

Beda hakumjibu. Alimtazama Gaudensia, macho yakajaa machozi.

"Sikuupata mimi. Tulikuwa wawili. Filbert aliutoa kwenu, dada, nyuma ya mlango, ule wa uzi mwekundu. Akaurudisha kabla hujaamka. Alisema tumtoe Jeki tu, tufunge. Askari akasukuma mlango akanishika mkono. Filbert ndiye aliyenivuta. Ndipo mbwa akauacha mkono wangu akamrukia yeye."

"Akamng'ata wapi?" Gaudensia hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Mtoto akainua kidole, akagusa chini ya sikio lake. "Hapa. Alisema nisimwambie mtu, yeye atavaa jaketi."

Mama Evarist alisimama ghafla mpaka kanga ikamdondoka. "Shingoni?" Akamshika Gaudensia mabega. "Jana umeniambia linamwasha. Gau, linamwasha tangu lini?"

Gaudensia alikuwa ameshatoa simu. Vidole vilikosea namba, akafuta, akaanza upya. Koo linakereketa, alikuwa amesema. Koo linakereketa, na yeye akamwacha atoke bila chai. Simu iliita muda mrefu. Ikakatika. Akapiga tena, Aloyce ameshawasha pikipiki, Beda amepakiwa katikati.

Mara hii ikapokelewa. Kulikuwa na kelele za magari na watu wengi wanaozungumza kwa pamoja.

"Filbert! Filbert, uko wapi? Rudi nyumbani sasa hivi, unanisikia?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya mdogo wake. Ilikuwa ya mwanamume, Mkenya, na alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia.

"Hallo? Usikate, madam. Mimi ndiye nimeshika simu, niko stage ya Loitokitok. Huyu kijana ako hapa na sisi, tumemshika watu wanne. Wewe ni nani wake?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO